Wingu Halikusoma Ratiba

Mwaka wa elfu mbili Isinya ilikuwa imekauka mpaka watu wakachoka kulalamika. Ng'ombe waliobaki walitembea kama viti vilivyolegea miguu. Umeme ulikuwa wa mgao, maji yalikuwa ya mgao, na kila Ijumaa saa nane mchana Pasta Njogu aliwakusanya waumini wake kwenye kanisa la mabati wakamwomba Mungu mvua. Alianza mwezi wa saba. Kufikia mwisho wa mwezi wa kumi sauti yake ilikuwa imepasuka, na Mungu hakuwa amejibu hata kwa umande.

Ndipo Mzee Gichuru akamjia na ombi la kwake. Gichuru alifuga kuku wa mayai kwenye banda refu lililoonekana tangu barabarani. Yeye ndiye aliyenunua mabati ya lile kanisa, na hakuna aliyepewa nafasi ya kulisahau jambo hilo. Binti yake, Judy, alikuwa anaolewa Jumamosi, tarehe nne Novemba, na arusi ingefanyika nje.

"Pasta," alisema, "hii Ijumaa usiombe."

"Nisiombe nini?"

"Mvua. Umeomba miezi minne na hakuna kitu. Lakini vile najua bahati yangu, hii wiki ndio utasikika."

Pasta Njogu alikuna kidevu. Kuacha kuomba hangeweza, wakulima wangemuuliza. Kumkatalia mwenye mabati pia hangeweza. Kwa hivyo Ijumaa ilipofika alisimama mbele, akafumba macho na kutafuta njia ya katikati.

"Baba, tunaomba mvua," alisema. "Lakini kesho, Baba, tunaomba ianze saa kumi na mbili jioni, wageni wakiwa wameenda nyumbani. Na kama kuna haraka, basi ianzie Namanga."

Watu wakasema amina, wengine kwa nusu mdomo.

Kwenye benchi la nyuma, Mwalimu Munguti aling'ata midomo yake ili asicheke. Alifundisha hesabu na jiografia katika shule ya msingi, na nyuma ya darasa la saba alikuwa na kipimo cha mvua, kopo la shaba lililofukiwa nusu ardhini, ambalo alilikagua kila asubuhi saa tatu kwa miaka kumi na moja. Aliyajua mawingu kama mtu anavyowajua majirani. Ila mwaka huo alikuwa haruhusiwi kuyataja.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu aliyatazama mawingu ya siku mbili, akasimama kwenye mkutano wa wazazi na kutangaza kwamba mvua ya masika iko njiani, watu wapande. Watu walipanda. Mvua haikuja. Kanga wa porini walifukua mahindi mstari kwa mstari, kwa utaratibu ambao Munguti hakuwahi kuuona hata kwa wanafunzi wake, na yeye akapewa jina la Mwalimu Mawingu. Mkewe Phylis, aliyeuza mboga sokoni, ndiye aliyelisikia jina hilo zaidi kwa sababu wateja walilisema huku wakipunguziwa bei.

"Baba Katee," alimwambia jioni moja, "kama unanipenda, usiseme tena neno mvua mbele ya watu. Ukiona wingu, angalia viatu."

Munguti alikubali, na kwa miezi saba aliangalia viatu.

Siku ya arusi hakuwa na pa kujificha. Bwana arusi, Mbuvi, alikuwa mtoto wa dada yake, kijana wa Machakos aliyesimamia wafanyakazi katika shamba moja la maua. Baba yake alishafariki, kwa hivyo Munguti ndiye aliyeketi mstari wa mbele kama baba, akiwa na ua la karatasi kifuani na Phylis ubavuni.

Gichuru alikuwa amesimamisha tenti katikati ya mto. Sasa, mtu asiyejua Isinya anaweza kushtuka, lakini mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Haukuwa umepitisha maji tangu ile mvua ya El Niño. Watoto walichezea mpira humo. Kwingine kote kulikuwa na vumbi linaloingia hadi kwenye meno, ila pale palikuwa na mchanga mweupe, tambarare, na migunga mirefu kila ukingo. Tenti ya watu mia mbili ikakaa vizuri kabisa. Jenereta ya spika iliwekwa chini ya mgunga mkubwa kuliko yote, na pikapu ya Gichuru, iliyobeba zawadi zilizofungwa riboni, ikaegeshwa palepale mchangani ili kila mtu aione.

Joto la siku hiyo halikuwa lile la kila siku. Lilikuwa la unyevu. Mashati yaligandamana migongoni, na nzi walikataa kufukuzwa. Mnamo saa tano Munguti aliinua macho kidogo tu, kama mtu anayenyoosha shingo, akaona upande wa Kajiado vijiwingu sita au saba vimetokea, vyeupe, chini vimenyooka kama vimewekwa juu ya meza. Akashusha macho kwenye viatu.

Saa sita akainua tena. Vijiwingu vilikuwa vimeungana. Lilikuwa donge moja lenye vichwa vingi kama koliflawa, na vichwa hivyo vilikuwa vinachemka. Ukilitazama wingu la kawaida huoni likisogea, lakini hili lilikua huku unaliona.

"Viatu," alinong'ona Phylis.

"Naangalia."

"Unaangalia juu ya tenti."

Wakati huo Pasta Njogu alikuwa anahubiri juu ya subira, na alikuwa na mengi ya kusema. Munguti aliinuka kama anayekwenda haja, akatoka nje. Kando ya tenti alimkuta Meitamei, jirani wa Gichuru, aliyealikwa kwa sababu mbuzi wa arusi walitoka kwake. Meitamei hakuwa amekaa. Alisimama juu ya ukingo wa mto, shuka begani, akitazama upande uleule.

"Sopa, mwalimu," Meitamei alimsalimu Kimaasai.

"Ipa. Mbona hukai?"

"Asubuhi nimetoa mbuzi zangu hapa chini nikapeleka huko juu," Meitamei alisema. "Mtu hawezi toa mbuzi halafu yeye aingie."

"Umewaambia?"

"Nimeambia Gichuru. Ameniambia pasta ameongea na Mungu, wamepatana saa kumi na mbili."

Mbali sana, ndani ya lile wingu, kitu kilimulika. Munguti alianza kuhesabu sekunde kimoyomoyo. Alifika thelathini na tano kabla ya kusikia mvumo, na hata hapo ulikuwa kama mtu anayeburuta meza katika nyumba ya jirani. Kwa sekunde tatu kila kilomita, ni zaidi ya kilomita kumi na moja. Lakini mto ulitoka huko huko.

Alirudi akamwinamia Phylis na kumweleza sikioni. Phylis alikunja uso. Aliwatazama wanawake wa sokoni waliojaa mistari mitatu nyuma yake, wale waliolisema lile jina kila siku, kisha akatazama mchanga chini ya miguu yake mwenyewe.

"Nenda useme," alimwambia.

Gichuru alikuwa karibu na meza ya keki, akiwa na suti ya kijivu na fimbo asiyoihitaji. Munguti alimwomba wasogee pembeni.

"Mzee, hawa watu watoke hapa mtoni. Sasa."

"Kwa nini?"

"Ona lile wingu. Ardhi imechemka tangu asubuhi. Hewa ya chini ikipata moto inapanda, na leo hiyo hewa iko na maji mengi. Ikifika juu inapoa, mvuke unageuka matone, na ukigeuka unatoa joto lingine, kwa hivyo wingu linajisukuma lenyewe kwenda juu. Linapanda mpaka linafika mahali haliwezi kupita, ndio linaanza kusambaa. Angalia pale juu, limekuwa bapa. Hilo limekomaa. Ndani yake kuna barafu inapandishwa na kuteremshwa. Hewa ikishindwa kuibeba, yote inakuja chini pamoja na upepo."

"Barafu," alisema Gichuru. "Hapa Isinya."

"Ndiyo. Na hata isiponyesha hapa, kule mto unatoka inanyesha tayari."

Gichuru alilitazama wingu, na kwa dakika moja Munguti alidhani ameshinda. Kisha mzee akacheka.

"Mwalimu, hata wakati wa kupanda mahindi ulikuwa na maelezo mazuri."

Wanaume wawili waliokuwa karibu walicheka pia. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba huenda mjomba wa bwana arusi ameona wivu, upande wa bibi arusi umependeza sana. Munguti alihisi masikio yanawaka. Angeweza kurudi kukaa. Ni kweli alitaka kurudi kukaa. Badala yake alipita mbele ya watu wote, katikati ya mahubiri, akachuchumaa nyuma ya viti viwili vilivyofunikwa vitambaa ambavyo Mbuvi na Judy walikuwa wamekalia.

"Mbuvi, mvua inakuja, na mto unakuja," alinong'ona.

Mbuvi aligeuka, uso umemlowa jasho. "Mjomba, tafadhali. Leo tu."

Lakini Judy naye alikuwa amegeuka, na shela ikamfunika nusu ya uso. Alisoma kwa Munguti darasa la saba.

"Mwalimu, ni lile lenye kichwa kama fuawe? Lile ulituchorea?"

"Ndilo hilo."

"Lile ulinichapa kwa sababu nilichora hicho chuma cha mhunzi juu chini?"

"Samahani kwa hiyo. Ndilo."

Judy aliinama akachungulia chini ya ukingo wa tenti. Upande wa Kajiado anga lilikuwa rangi ya jiwe lililolowa, na juu yake kichwa cheupe, bapa, kilikuwa kimetandazwa hadi karibu na jua. Akasimama. Akakusanya gauni lake kwa mikono miwili hadi magotini, akaanza kutembea.

Pasta Njogu alinyamaza na maikrofoni mdomoni.

"Judy," alisema, na spika zote zikasema naye, "tumefika jambo la tatu tu."

"Endelea, Pasta. Nitakusikia nikiwa huko juu."

Akatoka. Mbuvi akamfuata mbio. Wasimamizi wakamfuata Mbuvi, na kwa kuwa hakuna anayejua kuhudhuria arusi isiyo na bibi arusi, mistari ikaanza kuinuka mmoja baada ya mwingine. Wapishi walibeba sufuria mbili za pilau wakaacha nne. Gichuru alipanda ukingo akimfuata binti yake ili amgombeze, na kwa njia hiyo naye akaokoka, angalau kwa mara ya kwanza.

Jengo la karibu lilikuwa lile banda la kuku, hatua mia mbili hivi kutoka mtoni, juu ya mwinuko. Walikuwa hawajafika wote upepo ulipokuja. Ulikuwa baridi kama umetoka kwenye friji, na ulinuka vumbi lililolowa. Uliwapita watu, ukashuka mtoni, ukaingia chini ya tenti. Tenti ilijaa kama shavu, ikang'oa vigingi, ikapaa. Viti vya plastiki vikaifuata. Mgunga uliokuwa na jenereta ukapigwa na radi palepale, mlio mmoja mkavu, na spika zikanyamaza zikiwa bado zimewashwa.

Kisha barafu. Kwanza punje ndogo kama mahindi, halafu kubwa kama mayai ya kware. Watu mia mbili walijisukuma ndani ya banda la kuku waliokuwa hawajawahi kutembelewa na mtu yeyote isipokuwa aliyeleta chakula. Kuku walirundikana pembeni. Wageni walirundikana pembe nyingine. Juu ya mabati kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba watu waliona midomo ikisogea tu.

Phylis alimvuta mumewe mkono, akamwonyesha mlango. Gichuru hakuwepo. Alikuwa amerudi kwa ajili ya pikapu.

Munguti alichukua ndoo tupu ya chakula cha kuku, akaiweka kichwani, akatoka. Barafu iligonga ndoo mpaka meno yakatetemeka. Meitamei alimpita akiwa amejifunika shuka na kiti cha plastiki. Walipofika ukingoni walimwona Gichuru ndani ya pikapu, anapiga stati, magurudumu yanazidi kuchimba mchanga. Na kutoka upande wa Kajiado walisikia kitu kama lori linalobadilisha gia mlimani.

Waliteremka. Munguti alifungua mlango.

"Toka, mzee."

"Iko karibu kushika. Sukumeni kwa nyuma."

"Gichuru, toka."

Hakuwahi kumwita hivyo bila heshima. Gichuru aliendelea kushika usukani. Meitamei alimshika mzee kiunoni akamchomoa kama mtu anayetoa gunia dukani, Munguti akashika mkono, wakamvuta. Maji ya kwanza yaliwafikia miguuni kabla ya ukingo, maji ya kahawia yaliyosukuma vijiti na kinyesi cha ng'ombe na povu. Kiatu kimoja cha Gichuru kilibaki. Walipokuwa wamekaa juu ya ukingo, wakihema, wimbi lenyewe likafika kwenye kona. Halikuwa refu, labda kufika kifuani, lakini lilikuwa na magogo. Liliinua pikapu taratibu, likaigeuza. Honi ikajiwasha yenyewe kwa sababu ya maji. Zawadi zote na riboni zake zikaenda bondeni huku pikapu ikipiga honi ndefu kama msafara wa arusi, mpaka ikapotelea kwenye kona iliyofuata.

Gichuru aliangalia pale ilipokuwa tenti. Hapakuwa na pale.

"Watu mia mbili," alisema. Alikuwa ameshika kola ya shati la Munguti kwa mkono mmoja, na hakuiachia mpaka walipofika bandani.

Ndani, Pasta Njogu alikuwa amesimama juu ya kibao wanacholalia kuku, analowa kutoka kwenye tundu la mabati. Meitamei alijikung'uta barafu kwenye nywele, akamkaribia.

"Pasta, Mungu wenu anasikia vizuri," alimwambia kwa sauti ya juu ili kushinda kelele. "Ila saa yake inaenda mbele."

Pasta alimtazama, akatazama kuku, akatazama gauni la Judy ambalo sasa lilikuwa na rangi tatu. Kwa sifa yake, alicheka. Akamwita Mbuvi na Judy mbele, akawaozesha hapohapo. Hakuna aliyesikia kiapo. Pasta alipiga kelele, Mbuvi akapiga kelele, barafu ikapiga kelele zaidi. Shangazi mmoja wa upande wa Gichuru alishikilia kwa miaka mingi kwamba Mbuvi hakusema ndiyo, alisema "nini?" Judy alisema alichosikia kinamtosha. Gichuru alisimama kando yake akiwa na kiatu kimoja, amelowa hadi kwenye chupi, na alipoulizwa nani anamtoa huyu binti alinyoosha mkono tu.

Saa kumi anga lilikuwa safi. Wingu lilijimaliza lenyewe kwa chini ya saa mbili, mvua yake baridi ilikuwa imezima joto lililolilisha, na kilichobaki kilikuwa utando mwembamba uliokwenda zake upande wa Machakos. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa barafu, kitu ambacho watoto walikusanya kwenye mifuko wakitaka kwenda nacho nyumbani. Pilau ya sufuria mbili haikutosha. Gichuru alisema wachemshe mayai. Wakachemsha trei baada ya trei, na familia zile mbili, ambazo asubuhi zilikaa kila moja upande wake wa tenti, zilisimama kwenye mduara zikimenya mayai na kupitishiana chumvi.

Gichuru alimletea Munguti mayai mawili kwenye kiganja.

"Ungenivuta mapema kidogo ningetoa funguo," alisema.

"Ungetoka mapema kidogo ningekuvuta mapema kidogo."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alibaki amesimama pale, akamenya lile yai moja mwenyewe na kumpa Munguti likiwa limemenywa.

Pasta Njogu, akiwa amekauka kidogo, alishaanza kueleza kundi la waumini kwamba maombi ya miezi minne yamejibiwa. Mtu mmoja alimuuliza kuhusu maombi ya Ijumaa. Pasta alisema hayo pia yamejibiwa, kwa kukataliwa, na akaomba chumvi.

Gari la kuwabeba maarusi lilikuwa ng'ambo. Maji yaliposhuka hadi magotini, kabla jua halijatua, Judy alivua viatu, akazungusha gauni kiunoni kama mwanamke anayekwenda kulima, na kumshika Mbuvi mkono. Mbuvi alitaka kumbeba. Judy alimwambia ajibebe mwenyewe kwanza. Walivuka wakiyumba, watu wakiwapigia vigelegele, na Gichuru akiwapigia kelele wapi pa kukanyaga.

Munguti na Phylis walirudi nyumbani kwa miguu. Udongo mweusi ulinata kwenye viatu mpaka kila mmoja akawa mrefu kwa inchi tatu, wakavivua na kuvibeba. Jioni ilikuwa baridi, na vyura waliojificha mwaka mzima, hakuna ajuaye wapi, walikuwa wanapiga kelele kwenye kila shimo.

"Kile kichwa cha wingu," alisema Phylis. "Kilikuwa juu kiasi gani?"

"Kilomita kumi na mbili hivi. Pengine kumi na nne."

"Hiyo ni kama nusu ya njia ya Kitengela."

"Ndiyo. Lakini kwenda juu."

Phylis alisimama, akainua uso, akajaribu kuiweka ile barabara wima.

"Na kinashikiliwa na nini huko juu?"

"Na hewa," alisema Munguti. "Hewa ya moto inayopanda. Ikichoka, ndio hayo umeona."

"Haya, niambie tena kutoka mwanzo," alisema Phylis, "na usiruke ile ya barafu, sikuielewa." Munguti alihamisha viatu mkono wa pili, akaanza na ardhi.